Diski ya kuigiza ndani ya z/VM: nani anaiga, na nani analipa?

Swali: «Nasimamia mashine pepe za Linux zipatazo 40 zinazoendeshwa na z/VM, programu inayoigawa mashine moja iwe mashine pepe nyingi, kwenye meinfremu (kompyuta kubwa) ya kampuni yetu, hapa Ujerumani. Mwaka jana tuliachana na diski za 3390, za muundo wa ECKD wa meinfremu, tukahamia LUN za SCSI, yaani vipande vya hifadhi vya aina inayotumiwa na seva za kawaida. Aliyekuwa msimamizi wa z/VM alizisajili kama EDEV, yaani diski ambazo z/VM inaziigiza, akazikata minidiski (vipande vidogo), kila mgeni, yaani mashine pepe, akapewa yake. Tangu hapo hifadhidata yetu ya PostgreSQL imekuwa nzito. Kazi ya kufunga siku iliyokuwa ikimalizika kwa saa moja na nusu sasa inakaribia saa tatu, na matumizi ya prosesa yamepanda. Watu wa hifadhi wanasema kabati lao la diski linajibu kwa nusu milisekunde, kwa hiyo tatizo si lao. Mkuu wangu anataka kununua kabati jipya la flash. Je, diski za kuigiza ndizo zinazotuangusha? Nihamie FCP moja kwa moja, Linux iongee na LUN yenyewe, nirudi ECKD, au niongeze tu kache ya minidiski, sehemu ya kumbukumbu ambamo z/VM inatunza kilichokwisha kusomwa?»

Jibu:

Ndugu yangu, kabla mkuu wako hajatia saini hati ya kununua flash, mwombe akupe wiki moja. Kwa namna ulivyoeleza, watu wa hifadhi huenda wanasema kweli kabisa, na wewe pia unasema kweli. Nusu milisekunde yao inapimwa mlangoni mwa kabati. Saa tatu zako zinapimwa ndani ya Linux. Kati ya milango hiyo miwili kuna safari ndefu, na katika mpangilio wenu sehemu kubwa ya safari hiyo inatembezwa na prosesa zenu wenyewe.

Nianze na dhana moja ambayo nimeikuta kila mahali: kwamba zamani mlikuwa na «diski halisi» za 3390 na sasa mna «diski za kuigiza». Hapana. Diski ya 3390 ilitoka mwaka 1989, na kilichobaki leo ni umbo lake tu. Kabati la kisasa linalosema lina 3390 linahifadhi data kwa bloki za kawaida, kisha linajifanya lina silinda, kila silinda treki 15, kila treki baiti 56,664. Linux ikiiandika diski hiyo kwa bloki za baiti 4,096, zinaingia 12 tu kwa treki, yaani baiti 49,152, na asilimia 13 hivi ya treki inabaki tupu. Tunalipia nafasi kwa sababu ya umbo la chombo ambacho watengenezaji walikwisha kukiacha. Kwa hiyo mlikuwa na uigaji tangu mwanzo. Kilichobadilika ni mwigaji. Kwenye ECKD anayeiga ni kabati, kwa prosesa zake lenyewe. Kwenye EDEV anayeiga ni CP, yaani kiini cha z/VM, na CP hana prosesa za kwake: anatumia IFL zilezile mnazolipia (prosesa za meinfremu zilizotengwa kwa Linux), pengine pamoja na leseni za programu zinazohesabiwa kwa kila kiini cha prosesa.

Tufuate ombi moja la kusoma tuone linapita wapi.

PostgreSQL inataka ukurasa wake wa kilobaiti 8. Linux ya mgeni inaamini ina diski aina ya 9336, diski ya bloki za baiti 512, kwa sababu ndivyo EDEV inavyojitambulisha. Draiva ya DASD (diski za meinfremu) inaandika programu ndogo ya chaneli, yaani orodha ya amri za diski, na kutoa amri ya kuianzisha. Hapo mgeni anasimamishwa na CP anaingia. Anapitia programu ile, anabadilisha anwani za kumbukumbu za mgeni kuwa anwani za kweli, anazishikilia kurasa husika zisihamishwe ombi likiwa njiani, na anasogeza namba za bloki kwa sababu minidiski ya mgeni inaanzia katikati ya diski kubwa. Hadi hapa kazi inafanana na ya minidiski ya ECKD. Tofauti inaanza sasa. Kama ingekuwa ECKD, CP angekabidhi programu hiyo kwa mfumo wa chaneli, ambao una prosesa zake maalumu, SAP, zisizohesabiwa kwenye IFL zenu. Kwa EDEV, CP anaitafsiri programu ya 9336 kuwa amri ya SCSI, anachagua njia, anaiweka kwenye foleni ya adapta ya FCP, anapokea jibu, analitafsiri tena liwe lugha ya 9336, na ndipo anamwamsha mgeni. Ni mkalimani anayekaa katikati ya kila sentensi.

FCP ya moja kwa moja inamwondoa mkalimani huyo. Draiva ya zfcp ndani ya Linux inaandika amri ya SCSI yenyewe na kuiweka kwenye foleni iliyo ndani ya kumbukumbu ya mgeni, na mashine inasaidia sehemu kubwa ya kazi hiyo ifanyike bila kumwamsha CP kila mara. Ndiyo maana gharama ya prosesa kwa kila ombi hushuka ukihama.

Hiyo ni gharama ya kwanza, ya prosesa, na ukitaka kuiona kwa macho, mwombe msimamizi wa z/VM akuonyeshe uwiano wa T/V katika Performance Toolkit, zana ya vipimo ya z/VM. Ni jumla ya muda wa prosesa uliotumika kwa ajili ya mgeni, ukigawanywa kwa muda ambao mgeni mwenyewe alifanya kazi. Ukikaribia 1, CP anamhudumia mgeni kwa gharama ndogo. Ukifika 1.5, kila sekunde mbili za kazi ya Linux zinamgharimu CP sekunde moja ya kuhudumia. Uangalie mara mbili: mchana wa kawaida, kisha saa ya kufunga siku. Ukipanda usiku pamoja na wingi wa maombi ya diski, mtuhumiwa umempata.

Gharama ya pili ni foleni, na hii ndiyo watu wengi hawaioni. Kwa kawaida ya meinfremu tangu enzi, kifaa kimoja hushughulikia ombi moja kwa wakati. Mgeni wako anaona minidiski moja kubwa, kifaa kimoja, kwa hiyo Linux inapeleka ombi moja, inangoja, inapeleka la pili. Maombi mengine 20 yamejipanga nyuma kama watu kwenye dirisha moja la benki. Tuseme safari nzima inachukua milisekunde 0.8: 0.5 za kabati na 0.3 za njiani. Dirisha moja litahudumia maombi 1,250 kwa sekunde, basi. Kwa kurasa za kilobaiti 8, hiyo ni megabaiti 10 hivi kwa sekunde, kwenye mashine ya bei ya nyumba kadhaa!

Sasa weka flash ya mkuu wako. Kabati lishuke kutoka 0.5 hadi 0.2. Safari inakuwa 0.5, dirisha linahudumia 2,000. Si haba, lakini fungua madirisha manane kwenye kabati lilelile la zamani na kikomo cha hesabu kinafika 10,000. Hamtafika huko kwa ukamilifu, maana mtagonga kikomo kingine kabla, ila unaona mzani umelalia wapi.

Kwenye FCP ya moja kwa moja madirisha yapo tayari: zfcp inaruhusu maombi 32 kwa pamoja kwa kila LUN isipobadilishwa. Kwenye ECKD kuna HyperPAV, ambapo kifaa kinaazima majina ya ziada kutoka kwenye kapu la pamoja ili maombi kadhaa yaende kwa wakati mmoja. Hapa kuna mtego mmoja. CP mwenyewe kutumia majina hayo ya ziada hakumsaidii mgeni mwenye kifaa kimoja, kwa sababu mgeni bado anatoa ombi moja moja. Kunasaidia wageni wengi walio kwenye volumu (diski nzima) moja. Ili Linux ifaidi, majina hayo lazima yafike ndani ya mgeni: ama umkabidhi vifaa vyenyewe, ama umpe minidiski inayochukua volumu nzima na kumtengenezea majina kwa DEFINE HYPERPAVALIAS.

Lakini usikimbilie madirisha kabla ya kujua kama kweli kuna watu wanaojipanga. Kazi nyingi za kufunga siku ni mchakato mmoja unaosoma ukurasa, unafikiri, unasoma mwingine. Mteja ni mmoja, na madirisha manane hayamfanyi atembee haraka. Logi ya miamala nayo ina tabia hiyohiyo: kila muamala unapothibitishwa, PostgreSQL inangoja maandishi yafike diski kabla ya kuendelea. Huko kinachouma ni urefu wa njia, na dawa yake ni kufupisha njia.

Tofauti hiyo unaipata kwa vipimo viwili. Usiku wa kazi, endesha iostat -x kila sekunde 10 na utazame safu ya aqu-sz, urefu wa wastani wa foleni, pamoja na r_await na w_await. Ikiwa aqu-sz inacheza kwenye 1, huna foleni, una njia ndefu. Ikiwa ni 15 au 20 na await imevimba hadi milisekunde kadhaa huku kabati likisema nusu, foleni ndiyo inakula muda wako. Kipimo cha pili ni kitamu zaidi na watu wengi hawakijui: dasdstat, iliyomo kwenye kifurushi cha s390-tools. Iwashe kwa dasdstat -e, iache ihesabu, kisha isome. Inagawa muda wa kila ombi vipande: kabla ya kutolewa amri ya kuanza, na kati ya amri na jibu. Kipande cha kwanza ni foleni ndani ya Linux. Cha pili ni CP, mtandao wa hifadhi na kabati kwa pamoja. Toa nusu milisekunde ya kabati kwenye kipande cha pili, kinachobaki ndicho anachodaiwa mkalimani na waya.

Usisahau kutazama muda ulioibwa, ile safu ya st kwenye vmstat. IFL zikijaa, hata CP anangoja zamu ili ahudumie diski. Niliwahi kukaa wiki tatu nzima nikibishana na watu wa hifadhi katika kampuni moja, grafu zangu mkononi, kumbe kila usiku saa nane kulikuwa na kazi ya nakala rudufu kwenye wageni wengine iliyomaliza prosesa zote. Diski «ilichelewa» kwa sababu aliyepaswa kuihudumia alikuwa kwenye foleni ya prosesa. Niliwaomba radhi kwa chai.

Kuhusu kache ya minidiski, jibu langu kwa hifadhidata ni hapana. Kache hiyo inasaidia kusoma tu. Maandishi yanapita moja kwa moja hadi diski. Inang'aa pale wageni 40 wanaposoma diski moja ya pamoja isiyoandikwa, mathalani diski ya programu: mmoja anasoma, 39 wanakuta tayari iko kwenye kumbukumbu. PostgreSQL ina kache yake, Linux chini yake ina nyingine, na ukiweka ya CP unahifadhi ukurasa uleule mara tatu, kwa kumbukumbu ambayo pengine wageni wengine wanaililia. Kwa minidiski za hifadhidata ningeizima kabisa kwa MINIOPT NOMDC kwenye orodha ya wageni.

Sasa uchague nini? Nitakuwa mkweli kwa EDEV, kwa sababu haistahili kutupwa. Aliyezichagua hakuwa mjinga. CP akishika njia nyingi za kwenda kwenye kabati, anazishika mara moja kwa niaba ya wote. Njia ikikatika, wageni 40 hawana habari. Ukitaka mgeni mpya wa majaribio, unamkatia gigabaiti 20 ndani ya dakika moja bila kumpigia mtu simu. Na kabati lisilojua ECKD, ambayo ndiyo makabati mengi ya bei nafuu, linatumika bila shida. Kwa diski za mfumo endeshi, ambazo baada ya kuwaka hazina shughuli kubwa, siwezi kukushauri uzihamishe.

FCP ya moja kwa moja ina kodi ya kiutawala. Kila mgeni anahitaji angalau vifaa viwili vya FCP kwenye njia mbili tofauti, majina yake kwenye mtandao wa hifadhi, ruhusa kwenye swichi, ruhusa kwenye kabati, na mpangilio wa njia nyingi ndani ya Linux yenyewe. Ombi la diski mpya sasa linapita idara tatu. Na NPIV, inayompa kila mgeni jina lake kwenye adapta ya pamoja, ni ya lazima machoni pangu. Bila hiyo, wageni wote wanaotumia adapta moja wanaonekana na kabati kama mtu mmoja, na hakuna kinachomzuia mgeni wa majaribio kuifungua LUN ya hifadhidata ya uzalishaji.

Kurudi ECKD kuna maana ikiwa bado mna kabati linaloizungumza na kadi za FICON, zinazounganisha meinfremu na kabati la ECKD, zenye nafasi. Prosesa itapumua, HyperPAV itafungua madirisha, na vipimo vyake ni vya kina kuliko popote. Kununua kabati la ECKD upya kwa ajili ya PostgreSQL peke yake, hilo sikushauri.

Ningekuwa wewe ningeanza na hatua isiyo na gharama. Mwombe msimamizi wa z/VM akukatie minidiski nane kwa mgeni wa majaribio, kila moja kutoka EDEV tofauti. Zikitoka EDEV moja, foleni inaweza kuhama tu kutoka ndani ya mgeni kwenda kwa CP. Ziunganishe kwa LVM, programu ya Linux inayounganisha diski kadhaa ziwe kama moja, data igawanywe kwa mistari kwenye zote nane. Rudisha humo nakala ya hifadhidata, endesha kazi ya kufunga siku, pima. Ikiwa saa tatu zimeshuka hadi mbili au chini, umeokoa bajeti ya flash. Ikiwa hazikutikisika na aqu-sz ilikuwa 1, basi hamishia hifadhidata hiyo, data na logi, kwenye FCP yenye NPIV, na uache mengine yote kwenye EDEV. Mchanganyiko huo ndio ninaouona ukidumu kwenye vituo vingi: mizizi ya mfumo kwenye EDEV, hifadhidata nzito kwenye FCP.

Utakapohama, usijaribu kuichukua LUN iliyokuwa EDEV na kumpa mgeni kama ilivyo. Mwanzo wake una lebo ya CP, na data ya mgeni inaanzia mahali ambapo Linux haitapatafuta. Na kamwe LUN moja isiwe kwa CP kama EDEV na kwa mgeni kama FCP kwa wakati mmoja. Hakuna kitakacholia hadi siku data itakapoharibika. Njia safi ni kuongeza LUN mpya kwenye kundi la LVM kwa vgextend, kisha kuhamisha kwa pvmove huku mfumo ukiendelea kufanya kazi, mwisho wa wiki, nakala rudufu ikiwa imejaribiwa kurudishwa.

Njia hiyo ya pvmove inafaa kutoka EDEV kwenda FCP kama LUN mpya nayo inajitambulisha kwa bloki za baiti 512. Kwenda ECKD ni habari nyingine. Bloki za huko ni za baiti 4,096, na mfumo wa faili wa XFS uliotengenezwa kwa sekta za 512 utakataa kufunguka baada ya kuhamishwa. Huko itabidi utengeneze mfumo wa faili upya na kunakili faili.

Kuna mahali ambapo ushauri wa maandishi hautoshi. Ukiona kwenye dmesg (jumbe za Linux yenyewe) makosa ya kusoma au kuandika, njia zinazokatika na kurudi, au ucheleweshaji unaokuja kwa sekunde nzima nzima badala ya milisekunde, acha kupanga kuhama na ufungue tiketi kwa mtengenezaji siku hiyohiyo. Hilo si suala la kasi tena. Fanya hivyo pia ikiwa kabati linanakili data kwenda kituo cha pili, maana kubadilisha LUN bila mtu wa unakili kuwepo kunaweza kukuacha na kituo cha dharura kisichofunguka. Katika hali zote, waketishe meza moja msimamizi wa z/VM, mtu wa hifadhi na mtu wa hifadhidata, kila mmoja na vipimo vya saa ileile ya usiku uleule: data ya MONWRITE (rekodi za utendaji) kutoka z/VM, iostat na dasdstat kutoka Linux, na muda wa majibu kutoka kabati, saa zikiwa zimelinganishwa. Ukifika kwenye kikao hicho na grafu ya juma lililopita na mwenzako na ya jana, mtabishana hadi chakula cha mchana.